Pale Ulipoandika "Sukuma"

Kirumba, Mwanza
Jumapili, mwezi wa nane, 1995

Ni mwaka wa tatu tangu nitoke Kasulu, na mwezi wa tano tangu utoke wewe.

Masanja, ndugu yangu,

Nilitaka kuanza kwa salamu, ikanishinda. Mtu aliyekufa anaulizwa hali gani? Basi nianze na hasira, maana ndiyo niliyo nayo. Nimekukasirikia kwa ajili ya neno moja. Karatasi ilikuwa kubwa, penseli ilikuwa yako, mkono ulikuwa bado una nguvu. Ungeandika Kiswahili kama watu wengine ungepungukiwa nini?

Nitafika huko. Kwanza habari.

Lile jiwe letu la Ilemela, lile ulilokuwa unapanda juu yake kula mihogo ili uone ndege ikitua, halipo. Tulilichoma kwa matairi, tukalimwagia maji, likapasuka, tukaligonga mpaka likawa kokoto. Sasa liko chini ya nyumba ya mtu anayesafirisha minofu ya sangara, na yeye hajui amekalia nini. Eneo lote limezungushiwa seng'enge. Siku moja nilikwenda kuchukua nyundo yangu niliyoisahau, mlinzi akaniuliza nilikuwa napita wapi. Nikamwambia napita hapa, nimepita hapa miaka miwili. Akasema hapa hapapitwi. Sasa tunapasua mawe huko juu zaidi, mimi na Mama Kulwa na wale wengine. Moshi wa matairi ni ule ule. Magari ya vyama yanapita barabarani na vipaza sauti, kila moja linaahidi maji na barabara. Mama Kulwa anasema wakijenga barabara zote hizo atahitaji mkono wa tatu wa kugonga kokoto.

Nyumbani pia nimechoka. Godoro lako analilalia kijana wa kubeba dagaa pale Mwaloni, anakoroma na ananuka samaki, lakini nusu ya kodi analipa. Karatasi yako haoni ninapoiweka.

Ndiyo, bado ninayo. Ile karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, uliyoandika juu yake kwa herufi kubwa LAMANI. Nilikwambia siku ile ni ramani, kuna r. Ukasema, "Soma hivyo hivyo, Gelevasi, kwani utapotea?" Ulikuwa unaniita Gelevasi mpaka nikazoea. Siku hizi nikiitwa Gervasi nageuka polepole kama vile ameitwa mtu mwingine.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikwenda uwanjani Kirumba kutazama mpira wa bure kutoka juu ya mawe, mvua ikatufukuza, tukajibanza barazani kwa Mama Neema. Ndani kulikuwa na watoto wamejazana mbele ya televisheni. Kaka yake alikuwa ameleta mashine ya gemu kutoka Dubai, kwa vile siku hizi kila kitu ruksa, na Mama Neema akatoa makochi sebuleni akaweka mabenchi. Watoto walikuwa wanagombania gemu la kupigana na lile la magari. Kulikuwa na kaseti moja hakuna aliyeitaka. Maandishi yake hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza, yalikuwa kama kuku amekanyaga majivu. Kimtu kidogo kinatembea katika nchi, miti, mito, milima, basi. Watoto walisema gemu la wazee. Wewe ukaona kile kimtu kinasimama, mtoto akabonyeza kitufe, na kioo chote kikawa cheusi, ila kidirisha kimoja kidogo katikati chenye mwanga. Mtoto alikuwa amekosea kitufe. Wewe ulinishika mkono ukanibana.

"Gelevasi, ona. Palipopitwa tu ndipo panaonekana."

Tangu hapo Jumapili zetu ziliishia pale. Mimi nilishika pedi ya kubonyezea, wewe mikono yako ilikuwa imezoea nyundo, ukibonyeza kimtu kinaruka mtoni. Wewe ulichora. Ilibidi uchore, kwa sababu mashine ile haikumbuki kitu. Umeme ukikatika, au Mama Neema akizima ili aweke mkanda wa filamu, nchi yote inarudi kuwa nyeusi kama hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Mimi nilikuwa natukana. Wewe ulikuwa unakunja karatasi yako taratibu na kusema, "Isahau yenyewe. Mimi hapa ninayo."

Na majina. Lile bwawa lenye chelezo cha kuvukia ukaliita Kamanga, kama kivuko cha kwenda kwenu. Ile milima ya mawe ikawa Ilemela. Duka la yule mzee aliyekuwa anachukua sarafu zetu bila kutupa kitu ukalipa jina la msimamizi wetu, na tulicheka mpaka Mama Neema akatuuliza kama tumekunywa. Nakusikia mpaka sasa: "Kushoto, wewe Mha, kushoto. Kwenu Kasulu hakuna kushoto?" Nami nakujibu kwetu kushoto kupo, ila kwenu mnafuata mkia wa ng'ombe tu, ng'ombe akigeuka na nyinyi mnageuka.

Nimejiuliza sana kilichotushika pale. Watu wazima wawili, mikono imepasuka, tunatoa hela ya mboga kutembeza kimtu. Wengine walituona wajinga. Mimi nadhani ni hivi. Sisi kazi yetu ni kuondoa vitu. Jiwe ambalo mtu alikuwa anasema "geuka pale kwenye jiwe", sisi tunalifanya lisiwepo. Njia niliyopita mwaka jana mwaka huu ina ukuta. Kiwanja kina mwenyewe leo, kesho kina mwenyewe mwingine mwenye karatasi mpya, nawe unaambiwa ondoka. Lakini mle ndani, ukipita mahali, panakuwa pako. Panang'aa pale kwenye ramani na hapana mlinzi anayekuja kupazima. Na penye giza hapajakatazwa, bado tu hujafika. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote Mwanza hii, kwamba mahali nisipopaona ni kwa sababu sijafika tu.

Kisha kifua chako. Ulipoacha kazi ukawa unakwenda kwa Mama Neema siku za katikati ya wiki, mimi nikiwa kwenye mawe. Ule msitu wa juu, ule wenye jiwe jeusi uliotushinda wote wawili, ukaenda kuutafuta peke yako na pedi umeshika mwenyewe. Mama Neema aliniambia baadaye alikuwa hakutozi. Alikuwa anakuletea uji.

Wodini siku ile ulikuwa umekaa, mto mgongoni. Nilidhani umepata nafuu. Ukasema, "Nimepita, Gelevasi. Pale kwenye jiwe jeusi nimepita. Nimeona upande wa pili."

Nikakuuliza kuna nini. Ukacheka, na kucheka kukaleta kikohozi, na kikohozi kikaleta muuguzi. Uliposhika pumzi ukasema, "Nikikwambia utaacha kwenda. Nimeandika, utafuata."

Mpaka hapo sina neno. Ila mtu anayekufa hatakiwi kuwa na mizaha.

Nilipotoka kazini siku ya pili yake nilikukuta uani mwa hospitali, umefungwa shuka, ndugu zako wanakupakia kwenye pikapu. Gari lilikuwa limejaa. Kaka yako alinishika mkono vizuri, akasema, "Nafasi hakuna, ndugu yangu, lakini uje. Ukishuka Kamanga ushike dakama mpaka kwenye kisima, hapo kila mtu anatujua." Gari likaondoka kuwahi kivuko.

Jumamosi iliyofuata nilivuka. Masanja, nilivaa lile shati lako la mistari. Niliposhuka Kamanga nikauliza gari la Dakama ni lipi. Kwa sababu kaka yako alisema nishike dakama, na mimi najua gari ndilo linaloshikwa. Wapiga debe wakatazamana. Mmoja akasema hakuna gari la Dakama. Mwingine akasema, "Dakama ni kubwa, bwana. Unataka Dakama ya wapi?" Nikasema ya kwa akina Masanja. Akasema hapa akina Masanja wamejaa kivuko kizima. Nikasema ni Sengerema, maana wewe siku zote ulisema kwetu Sengerema, kwetu Sengerema. Wakacheka. "Hapa uliposimama ndiyo Sengerema, na kule Sengerema, na kule pia." Nilikaa pale juani nikiuliza kila gari. Wengine walidhani nimelewa. Nikarudi na kivuko cha jioni, sijatupa hata konzi moja ya udongo.

Basi ikabaki karatasi. Nikasema, angalau hii nitaimaliza. Kaburi nimelikosa, lakini alichokiona nitakiona.

Ile sehemu ya juu, uliyoichora mwenyewe bila mimi, mistari yake inatetemeka. Umechora miti, umechora jiwe jeusi, na pembeni umeandika: JIWE JEUSI. SUKUMA. USICHOKE. Na chini kidogo, mahali pengine, DAKAMA. Hilo la chini nilidhani ni jina la joka fulani la mle kwenye gemu, au la kijiji chenu umelipachika. La juu halikuwa na shaka lolote. Sukuma ni sukuma.

Nikasukuma. Jumapili baada ya Jumapili, ndugu yangu. Nililisukuma jiwe lile kutoka chini, kutoka kushoto, kutoka kulia, nikazunguka nikalisukuma kutoka juu. Nilisukuma kimtu kikiwa na upanga, nikasukuma kikiwa na mshumaa. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Umeme ukikatika narudi mwanzo, natembea nchi nzima kwa karatasi yako, Kamanga, Ilemela, dukani, msituni, nafika kwenye jiwe, nasukuma. Watoto wakanibatiza jina, Mzee wa Kusukuma. Mimi ambaye sijafika hata thelathini. Mama Neema alisimama mlangoni siku moja na sufuria mkononi akaniambia, "Baba, kutwa unapasua jiwe, halafu unakuja kunilipa usukume jingine?"

Na si huko tu. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Niliona umeniachia wosia. Nikiwa kazini, nyundo imekuwa nzito, mkono hautaki, nilikuwa najisemea, sukuma, usichoke, Masanja amesema. Walipotufukuza pale penye seng'enge nilijisemea hivyo. Barua ilipokuja kwamba mama anaumwa miguu na mimi sina namna ya kwenda, nilijisemea hivyo. Nilikuwa nimejijengea dini ndogo kwa maneno yako mawili.

Wiki hii Mama Neema akatuambia mashine ameiuza. Kuna mtu wa Shinyanga anakuja kuichukua Jumatatu, yeye Mama Neema anafungua saluni, wanawake hawamharibii mabenchi. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na Jumapili hii moja. Ikipita, ulichokiona hakuna mtu atakayekiona tena, na sitajua mpaka nami nizikwe.

Alhamisi tulikuwa tumepumzika kwenye kokoto. Nilikuwa naguna peke yangu, nikasema kwa sauti, nimesukuma mpaka basi, kile kitu hakisukumiki. Mama Kulwa akauliza gari gani hilo limekwama. Nikamweleza. Yeye gemu hajaliona hata mara moja, nilianza na kimtu, nikaja kwenye msitu, nikaja kwenye jiwe. Akataka nimtajie maneno ulivyoyaandika. Nikamtajia. Akaangusha nyundo yake akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Baba wee. Sisi tunaitwa Wasukuma, ulidhani tunasukuma mikokoteni?"

Nikamwuliza, sasa mnasukuma nini?

Akaokota nyundo, akainyoosha kuelekea ziwani, kule upande wa Ukerewe. "Kule ndiko sukuma. Huku nyuma yetu ni dakama. Linakotoka jua kiya, linakozama ng'weli. Huyo mwenzio amekuandikia uende kule, wewe unamsukumia jiwe." Kisha akaacha kucheka, akaniangalia, akasema taratibu, "Lo, na yule kaka yake naye."

Maana nilikuwa nimeshamsimulia pia habari za Kamanga.

Masanja, sikufanya kazi tena siku ile. Nilikaa. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini. Nimekaa na Wasukuma miaka mitatu, nimekula nao, nimelala chumba kimoja na wewe, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu asiyejua. Na televisheni ya Mama Neema imeegemea ukuta wa upande wa ziwa. Ulikaa pale ukaitazama, ukaona kwenda juu ni kwenda ziwani, ukaandika kama babu yako alivyokuelekeza ukichunga ng'ombe. Homa imekupanda, darasa lako la nne limekutoka kichwani, mkono ukaandika lugha ya kwenu. Naelewa. Naelewa kabisa, na bado nina hasira. Nilijifanyia wosia, kumbe ulikuwa unanielekeza njia.

Leo baada ya misa nilikwenda moja kwa moja. Watoto walipewa mashine kwa zamu ya mwisho, nikangoja. Zamu yangu ilipofika nikatembea haraka, karatasi iko mapajani. Nikafika kwenye jiwe jeusi. Mtoto mmoja akasema, "Haya, Mzee, sukuma." Wote wakaangua kicheko.

Nikalipita jiwe pembeni, nikaenda juu.

Picha ikabadilika, ikaja ile ile. Miti ile ile, jiwe jeusi lile lile. Nikaenda juu tena. Ile ile. Ndiyo maana tulikuwa tunarudi, mimi na wewe, tukidhani hatuendi kokote. Nikaenda tena. Watoto wakasema umenasa, Mzee, rudi, unamaliza muda. Nilitaka kurudi. Kidole kilikuwa kinataka kurudi chenyewe. Nikaangalia karatasi yako, na neno lile la mwisho, USICHOKE, ambalo hilo lilikuwa Kiswahili kweli. Nikaendelea. Miti ile ile, jiwe lile lile, miti, jiwe, mpaka nikaona aibu.

Kisha pakawa na jiwe bila miti. Kisha mchanga.

Kisha maji, Masanja. Maji mpaka mwisho wa kioo, na ufuko mweupe, na chelezo kimefungwa kama kile cha Kamanga. Hakuna joka. Hakuna hazina. Watoto wakasogea karibu na kioo. Nikabonyeza kitufe cha ramani, na kule juu kabisa, peke yake gizani, palikuwa na kidirisha kimoja kinang'aa. Nikarudi ufukoni, nikakitembeza kimtu kuelekea kwenye chelezo.

Umeme ukakatika.

Watoto wakaguna. Mama Neema akasema kutoka jikoni, "Basi, ndiyo ya mwisho hiyo." Nilikaa nikitazama kioo cheusi, naona uso wangu mwenyewe na mlango nyuma yangu. Sikutukana. Nikatoka barazani penye mwanga, nikatandika karatasi juu ya goti, nikachora mchanga, maji na chelezo, juu ya pale ulipoishia. Mkono wangu si mzuri kama wako.

Lakini sijui. Hilo ndilo linalonikera nikiandika hapa. Sijui kama uliona hayo maji tu, au ulipanda chelezo ukavuka ukaona kingine. Ulisema upande wa pili. Kama ni maji, mbona maji tunayo hapa hapa, ungeniambia ni maji, ningekuja hivyo hivyo. Na kama ulivuka, mashine kesho inakwenda Shinyanga na kumbukumbu haina. Ulicho nacho ni chako peke yako. Sawa. Nakuachia.

Sasa nisikilize, nataka kumaliza kabla huyu wa dagaa hajarudi.

Jumanne naondoka. Nimepata lori la mtu anayekwenda kuchukua maharage Kibondo, litavuka Kamanga, lipite Geita mpaka Biharamulo, na kutoka Kibondo Kasulu si mbali. Nakwenda kumwona mama na kumlimia kabla mvua haijaanza. Dereva nimemwambia lazima anipe muda nikishuka kivukoni. Amenung'unika, amekubali. Sitauliza gari la mtu. Nitashika dakama mpaka kwenye kisima, na hapo nitawaambia mimi ndiye Gelevasi, bila r, watajua.

Karatasi nitakuja nayo. Sitakuachia, usinidai, udongo utaila na mimi nitabaki sina kitu. Nitaitandaza tu hapo juu yako, nikuonyeshe nilipoongeza, kisha nitaikunja kama ulivyokuwa unaikunja wewe. Na nitakuletea konzi ya udongo niliyokosa kutupa ile Jumamosi. Hiyo nitaitupa hata kama nyasi zimeshaota.

Lala salama, ndugu yangu. Nimeshaacha hasira, au nimeacha nusu.

Mwezi wa kumi na moja narudi Mwanza kwenye mawe, Mungu akipenda, na nitarudi kwa njia hiyo hiyo ili nipite kwako tena. Nikitoka kisimani kwenu mpaka kivukoni ni sukuma. Sitachoka.

Gelevasi